Brashi Nyekundu Katika Udongo Mweusi: Ushauri kwa Mpandaji wa Eastlands

Botobrashi ni kichaka cha maua chenye asili ya mashariki ya Australia, na jina lake hilo, ambalo ndilo wanalolitumia wenye vitalu vya miche jijini Nairobi, limetokana na ua lake jekundu lenye umbo la brashi ya kuoshea chupa. Wataalamu wa mimea waliiweka kwa muda mrefu katika jenasi ya Callistemon, yaani kundi la spishi zenye nasaba ya karibu, ingawa siku hizi wengi wao huiunganisha na jenasi kubwa zaidi ya Melaleuca, hivyo mnunuzi asishangae kuukuta mmea mmoja ukiandikwa kwa majina mawili. Familia yake ni Myrtaceae, ambayo wakazi wa Afrika Mashariki wanaifahamu kuliko wanavyodhani, kwa kuwa ndimo ilimo mpera, mzambarau, mkarafuu na mkaratusi. Na atakayelifikicha jani la botobrashi na kulinusa ataitambua harufu ya mafuta ambayo ukoo huo huyahifadhi katika vifuko vidogo sana ndani ya majani. Kinachoonekana kuwa ua moja ni maua mengi yaliyopangwa kuuzunguka ujiti mmoja, na wekundu wake hautokani na petali, ambazo ni ndogo na huanguka mapema, bali unatokana na stameni, yaani nyuzi ndefu za kiume zinazobeba chavua kwenye ncha zake.

Mmea huu ulianza kujulikana Ulaya baada ya Joseph Banks na Daniel Solander kukusanya mimea ya Botany Bay mwaka 1770, wakiwa katika safari ya James Cook, na kufikia mwisho wa karne hiyo ulikuwa tayari ukioteshwa katika bustani za Uingereza. Nairobi, mji uliozaliwa pale reli ilipofika mwaka 1899, ilipokea mimea ya Australia kwa sababu za kazi kabla ya sababu za urembo: mikaratusi ilipandwa ili kukausha maeneo ya majimaji na kutoa kuni, bustani ya miti ya Arboretum ilianzishwa mwaka 1907 ili kujaribu miti ya kigeni ambayo ingeweza kulisha injini za treni, na Grevillea robusta, ambayo Wakikuyu huiita mũkima, ikaenea mashambani kama kivuli cha kahawa na chai. Botobrashi haikuwa na kazi ya namna hiyo, kwa hiyo makao yake ya mwanzo yalikuwa bustani za wenye nafasi, upande wa magharibi wa jiji. Eastlands, upande wa mashariki, ilijengwa kwa ajili ya vibarua na makarani, na mbali na mitaa michache kama Kaloleni, iliyochorwa katika miaka ya 1940 ikiwa na nyua pana na miti, kivuli na maua viliachwa viwe shauri la mpangaji mwenyewe. Hilo ni jambo la kusikitisha kidogo, kwa sababu kimaumbile mmea huu unafaa zaidi Makadara, Umoja na Kayole kuliko Karen ya upande wa magharibi, ambako karibu kila kitu huota hata kisipotunzwa.

Sababu ya kufaa huko ni udongo. Vilima vya magharibi ya Nairobi vina udongo mwekundu, wenye kina na unaopitisha maji vizuri, ilhali kuanzia katikati ya jiji kuelekea Embakasi na Kayole ardhi, iliyo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,600, imefunikwa na mfinyanzi mweusi ambao mafundi wa ujenzi huuita blakikotoni na ambao chini yake, mara nyingi kwa kina kidogo tu, kuna mwamba mgumu wa volkano. Udongo huo huvimba unaponyonya maji na husinyaa unapokauka, hivyo katika mvua za Aprili huwa tope linalong'ang'ania viatu na kuinyima mizizi hewa, na kufikia Februari huwa umepasuka nyufa zinazoweza kukata mizizi myembamba. Mimea mingi ya mapambo hufa kwa sababu ya moja kati ya hali hizo mbili. Botobrashi, kwa upande wake, huota kwao kandokando ya vijito na katika maeneo yenye kinamasi, mahali ambapo maji hutuama kwa majuma kadhaa na kisha kutoweka kwa miezi, na kwa hiyo mabadiliko yanayoiua mimea mingine ni sehemu ya maisha yake ya kawaida. Mpandaji anayelipia mkokoteni mzima wa udongo mwekundu kutoka Kiambu kwa ajili ya mche mmoja wa botobrashi anatumia fedha kutatua tatizo ambalo mmea huo hauna, na, kama itakavyoelezwa, huenda akaliunda yeye mwenyewe.

Jambo la kwanza la kuamua ni spishi, na hapa ndipo makosa yenye gharama kubwa hutokea, kwa kuwa yakishafanyika hayarekebishiki kwa mkasi. Spishi mbili ndizo zinazopatikana zaidi. Callistemon citrinus ni kichaka kilichosimama, chenye majani magumu yanayoelekea juu, machipukizi yenye rangi ya waridi na manyoya laini, na harufu hafifu ya limau jani linapofikichwa; urefu wake kwa kawaida ni kati ya mita 1 na 3, ingawa kikiachiwa nafasi huweza kuzidi hapo. Callistemon viminalis ina matawi membamba yanayoning'inia kuelekea ardhini, ni nzuri kuliko mwenzake kwa macho ya wengi, na ni mti kamili unaoweza kufika mita 8 au zaidi. Zikiwa katika mfuko mweusi wa kitaluni, miche yote miwili huwa na kimo kilekile na bei inayokaribiana, na muuzaji mwenye haraka atajibu kuwa zote ni botobrashi, jibu ambalo ni la kweli lakini halimsaidii mnunuzi. Anayetaka kupanda chini ya nyaya za umeme, mbele ya dirisha au katika ua mwembamba wa nyumba ya ghorofa moja ya Buruburu aangalie kama matawi ya mche yameanza kulegea na kuinama. Yakiwa yameinama, auache mche huo kwa mwenye uwanja.

Baada ya spishi ni mizizi. Wanunuzi wengi huvutiwa na mche mrefu ambao tayari una maua, lakini mche uliokaa muda mrefu katika mfuko huwa umeizungusha mizizi yake mara nyingi ndani ya nafasi ileile, na mizizi iliyojizungusha huendelea kuzunguka hata baada ya kupandwa, hadi miaka michache baadaye shina linapojinyonga au mti unapoangushwa na upepo unaopita kwa nguvu kati ya majengo ya ghorofa. Mche wa kati ya sentimita 30 na 60, wenye shina lisilohitaji kijiti ili kusimama, ndio wa kuchaguliwa, na ni haki ya mnunuzi kuomba kuinua mfuko ili aone kama mizizi minene imetoboa chini na kuingia ardhini. Aulize pia kama mche umetokana na mbegu au kipandikizi, yaani kipande cha tawi kilichooteshwa mizizi, kwa kuwa miche ya mbegu hutofautiana katika rangi na umbo na huchukua miaka kadhaa kabla ya kuchanua, ilhali ile ya vipandikizi hufanana na mama yake na huchanua mapema.

Mahali pa kupanda panapaswa kupimwa kwa jua kabla ya kupimwa kwa futi. Botobrashi iliyo kivulini haifi, lakini hurefuka bila majani ya kutosha na hukataa kuchanua, na ndiyo maana saa zisizopungua sita za jua la moja kwa moja zinahitajika. Kwa kuwa Nairobi iko karibu sana na Ikweta, jua huwa upande wa kaskazini katika miezi ya Juni na Julai na upande wa kusini mwezi Desemba, hivyo kona iliyong'aa wakati wa kununua mche inaweza kuwa na kivuli nusu ya pili ya mwaka, hasa pale ambapo jirani amepandisha ghorofa mbili za ziada juu ya nyumba iliyokuwa ya chini. Umbali kutoka ukutani nao una sababu yake katika udongo uleule mweusi: mizizi inayonyonya maji karibu na msingi huufanya mfinyanzi usinyae upande mmoja na kubaki umevimba upande mwingine, na nyumba nyingi za Eastlands, zilizojengwa kwa misingi ya kina kidogo, tayari zina nyufa za kutosha bila msaada wa mti. Mita 2 kwa spishi fupi na mita 4 kwa ile ndefu ni kiasi cha busara, na umbali kama huo uachwe kutoka kwenye mashimo na mabomba ya maji taka, kwa sababu mizizi hufuata unyevu na bomba linalovuja huwa karamu kwake.

Kuna jambo moja kuhusu mahali ambalo wauzaji hawalitaji. Maua ya botobrashi hutoa mbochi nyingi, yaani maji matamu ambayo wadudu na ndege huyafuata, na mmea uliochanua huwa na chozi, wale ndege wadogo wenye mdomo uliopinda, pamoja na nyuki kuanzia asubuhi hadi alasiri. Nyuki walio kazini juu ya maua hawana ugomvi na mtu, ila mlango ambao watoto hupita wakikimbia, au kamba ya kuanikia nguo inayogusa matawi, ni mahali ambapo mtu na nyuki watakutana bila kutarajia. Kwa hiyo mmea usogezwe hatua chache kando, na nyumba yenye mtu ambaye mwili wake huvimba sana anapoumwa na nyuki ichague mmea mwingine.

Wakati wa kupanda una mjadala. Nairobi ina misimu miwili ya mvua, ile ndefu ya Machi hadi Mei na ile fupi ya Oktoba hadi Desemba, na desturi ya wengi ni kupanda mara tu mvua yoyote inapoanza. Kwa Eastlands, hata hivyo, msimu wa Machi unafaa zaidi, kwa sababu baada yake huja miezi ya baridi na mawingu ya Juni hadi Agosti, ambapo maji hukauka polepole na mche hupata muda wa kueneza mizizi, wakati mche uliopandwa Novemba hukutana na jua kali la Januari na Februari ukiwa bado mchanga. Hasara ya Machi ni kwamba tope huwa jingi, na tope ndilo linalofanya namna ya kuchimba iwe muhimu. Shimo refu na jembamba lililochimbwa katika mfinyanzi na kujazwa udongo laini uliochanganywa na samadi hugeuka kuwa kisima: maji ya mvua hupita kwa urahisi katika udongo laini, hugonga kuta za mfinyanzi zisizopitisha, na kubaki humo yakiozesha mizizi ambayo, kama si ukarimu huo, ingejizoeza na udongo wa mahali pake. Huo ndio ubaya wa mkokoteni wa udongo mwekundu uliotajwa awali.

Njia iliyo bora ni kuchimba shimo pana lisilo na kina, lenye upana mara tatu ya mfuko na kina kisichozidi kimo cha mfuko wenyewe, kukwaruza kuta zake kwa uma au panga ili zisiwe laini kama chungu, na kurudisha udongo uleule uliotoka humo ukiwa umechanganywa na mboji kidogo. Mche uwekwe juu kidogo ya usawa wa ardhi, kisha udongo uinuliwe uwe tuta la kati ya sentimita 20 na 30 linaloteremka taratibu pande zote, ili maji ya Aprili yapate pa kukimbilia. Juu ya tuta yatandazwe majani makavu au nyasi, unene wa sentimita 5 hivi, yakiachwa mbali na shina ili lisioze na ili mchwa wasipate daraja. Matandazo hayo huzuia udongo kupasuka wakati wa kiangazi, na faida hiyo pekee inatosha kuyahalalisha.

Hapa panapaswa kusemwa jambo ambalo lina uzito kuliko mengine yote kwa mpandaji wa mtaani, nalo ni maji. Mgao wa maji ni sehemu ya maisha ya Eastlands, mitungi ya lita 20 hununuliwa na kubebwa hadi ghorofa ya tano, na hakuna mtu mwenye akili timamu atakayemwagia kichaka maji ya kunywa ilhali beseni la maji ya kufulia liko karibu. Kwa sukuma wiki na nyasi ngumu desturi hiyo haina madhara makubwa, lakini kwa botobrashi ndiyo chanzo cha kifo cha polepole ambacho huhusishwa na udongo, na jua, na hata na jicho la jirani. Sabuni nyingi za unga huwa na magadi, kemikali ya aina ileile inayochimbwa katika Ziwa Magadi, na magadi hufanya mambo mawili kwa wakati mmoja: sodiamu iliyomo huzitawanya chembe za mfinyanzi hadi udongo unaziba na kutopitisha maji wala hewa, na ualikali wake, yaani ile hali ya kuwa kinyume cha uchachu, huyafunga madini ya chuma yaliyomo udongoni yasiweze kuyeyuka na kunyonywa na mizizi. Botobrashi ni mmea wa udongo wenye uchachu kidogo. Mfinyanzi mweusi wa Nairobi mara nyingi hauna uchachu huo, na katika tabaka za chini huwa hata na vijiwe vyeupe vya chokaa, kwa hiyo mmea unaishi karibu na ukingo wa uwezo wake, na beseni moja la povu kila Jumamosi linatosha kuuvusha ukingo huo.

Dalili zake hazifanani na za njaa ya kawaida, na anayezijua hatapoteza fedha kwa dawa zisizohusika. Mmea unapokosa naitrojeni, majani ya zamani ndiyo yanayogeuka manjano kwanza, kwa kuwa naitrojeni huweza kuhamishwa kutoka jani kuukuu kwenda jani changa. Chuma hakihamishiki kwa urahisi, hivyo kinapokosekana majani machanga ya ncha za matawi ndiyo yanayopauka, yakibaki na mishipa ya kijani katikati ya ngozi ya manjano. Kipimo cha nyumbani kipo: donge la udongo uliokauka lililochukuliwa karibu na mizizi likidondoshewa siki na kutoa vipovu, lina chokaa, na mmea ulio juu yake utahitaji uangalizi daima. Tiba huanza kwa kuacha maji ya sabuni, na inafuatwa na kuosha udongo kwa maji mengi ya mvua yaliyokingwa kutoka paani, kuongeza mboji na matandazo, na pale ambapo hali ni mbaya, kununua katika duka la agrovet chuma cha aina ya keleti, yaani chuma kilichoshikanishwa na kemikali inayokizuia kufungwa na udongo. Majivu ya jiko la makaa, ambayo wengi huyatupa kwenye mizizi kwa nia njema, nayo ni alikali na yapelekwe kwingine. Maji ya visima virefu vinavyotegemewa katika baadhi ya mitaa, hasa yale yenye ladha ya chumvi, yatumiwe kwa kubadilishana na ya mvua. Anayelazimika kutumia maji ya kufulia achague yale ya suuzo la mwisho, na ayamwage mbali na shina, kila mara upande tofauti.

Kiasi cha maji si kikubwa. Katika mwaka wa kwanza, mtungi mmoja wa lita 20 kwa juma katika miezi isiyo na mvua unatosha, ukimwagwa polepole ili uzame, ama kwa chupa kubwa za plastiki zilizotobolewa tundu dogo na kusimamishwa juu ya tuta. Kumwagia kikombe kimoja kila jioni kuna madhara, kwa kuwa huizoesha mizizi kubaki juu, mahali ambapo nyufa za Februari zitaikata. Kuanzia mwaka wa tatu mmea uliokaa vizuri utajitegemea, isipokuwa ukame uwe mkali kupita kawaida. Kuhusu mbolea maneno machache yatatosha. DAP, ambayo Wakenya wengi huiweka katika shimo lolote kwa mazoea ya kupanda mahindi, ina fosforasi nyingi kuliko mahitaji ya mmea uliotokana na ardhi maskini za Australia, na samadi ya kuku ina kasoro hiyo pamoja na ukali wa kuunguza mizizi. Koleo moja la mboji au samadi ya ng'ombe iliyooza kabisa, mwanzoni mwa kila msimu wa mvua, ni chakula cha kutosha.

Kupogoa ndiko kunakotofautisha botobrashi inayotazamwa na ile inayovumiliwa. Mmea huu una tabia isiyo ya kawaida: ujiti unaobeba maua haufi baada ya kuchanua, bali ncha yake huendelea kukua na kutoa majani mapya mbele ya ua lililonyauka, ikiacha nyuma mviringo wa vifuko vya mbegu, vigumu kama mbao, vilivyoshikamana na tawi kama shanga. Vifuko hivyo havifunguki upesi. Huweza kukaa miaka mingi vikiwa vimefumba hadi tawi lake life au liunguzwe na moto, mbinu ambayo mmea uliirithi katika nchi ya mioto ya nyikani. Matokeo yake katika ua wa mjini ni kwamba mmea usiopogolewa huwa na matawi marefu yaliyo matupu katikati, yenye shanga za miaka iliyopita na maua machache kwenye ncha ambazo hakuna anayeziona. Dawa ni kukata mara tu wekundu unapofifia, kabla ncha haijaanza kurefuka, na mkato upite nyuma kidogo tu ya ua lenyewe; tawi lililokatwa hapo hutoa vichipukizi viwili au vitatu mahali pa kimoja, na kila kimoja hubeba ua msimu unaofuata. Anayesubiri miezi mitatu ndipo akate anaondoa machipukizi yaleyale ambayo yangechanua, kisha hulalamika kuwa mmea wake ni tasa. Mafundi wa bustani wanaozunguka mitaani na mikasi mikubwa ya kukatia ua wa kayaba waangaliwe kwa makini, kwa kuwa hupenda kukipa kila kichaka umbo la sanduku, na botobrashi iliyokatwa kama sanduku kila mwezi haichanui kamwe. Mmea uliozeeka na kuachwa hadi ukawa mtupu chini huweza kufufuliwa kwa kukata theluthi moja ya matawi makuukuu kila mwaka, badala ya yote kwa mkupuo.

Wadudu hawasumbui sana. Wanaoonekana mara nyingi ni wadudu-magamba, viumbe wadogo waliojificha chini ya ngao za kahawia kwenye matawi, ambao hunyonya utomvu na kudondosha maji matamu yanayoota ukungu mweusi kama masizi. Sisimizi wanaopanda na kushuka shinani ndio ishara yao, kwa kuwa huwalinda ili wapate utamu huo. Kitambaa kilicholoweshwa maji yenye sabuni kidogo ya kipande, kikisuguliwa taratibu kwenye matawi na kufuatwa na maji safi, huwaondoa bila haja ya sumu. Vumbi la barabara zisizo na lami haliudhuru mmea huu mara moja kwa sababu majani yake ni magumu na yana nta, lakini katika kiangazi kirefu kuunyunyizia maji juu huufanya ukue vizuri zaidi.

Mkazi wa ghorofani, awe Pipeline au Umoja, asijione ametengwa, mradi baraza lake linapata jua. Spishi fupi hukua vizuri katika ndoo ya lita 20 au tairi kuukuu lililowekewa kitako, kukiwa na matundu ya kutosha chini, na hapa udongo mweusi haufai hata kidogo, kwa kuwa ndani ya ndoo hugeuka tofali. Mchanganyiko wa udongo mwekundu, mboji na mchanga mkavu wa mtoni kwa viwango sawa ndio unaofaa. Mmea wa ndoo hauwezi kuachwa bila maji kama ule wa ardhini, na kila baada ya miaka miwili au mitatu uchomolewe, mizizi ya nje ipunguzwe kwa kisu, na urudishwe katika udongo mpya. Anayetaka kuzalisha miche achukue matawi ya sentimita 10 ambayo si laini wala hayajakomaa kuwa mbao, ayachomeke katika mchanga na mboji, na kuyafunika kwa nusu ya chupa ya plastiki inayopitisha mwanga. Mbegu nazo zinawezekana: tawi lenye vifuko likitiwa katika bahasha ya kaki na kuwekwa pakavu, vifuko hufunguka vyenyewe baada ya muda na kumwaga mbegu laini kama tumbaku ya kunusa, ambazo hutawanywa juu ya udongo wenye unyevu bila kufukiwa.

Inabaki kusemwa ni wapi mmea huu haupaswi kupandwa, na swali hilo lina uzito Eastlands kwa sababu vikundi vya vijana, kuanzia Dandora hadi Korogocho, vimekuwa vikigeuza majaa na nyua zilizotelekezwa kuwa bustani, mara nyingi kwa miche ya kupewa. Katika ua wa pamoja, palipo na makubaliano ya wakazi na ya mwenye ardhi, ambaye katika mitaa mingi ya zamani ni Kaunti ya Nairobi, botobrashi moja au mbili ni chaguo zuri kuliko nyingi zinazotolewa. Kandokando ya mito ya Nairobi, Mathare na Ngong hali ni tofauti. Mmea ambao kwao ni wa vijitoni hupata mtoni mazingira yale hasa yanayouwezesha kujizalisha bila kuombwa, na Afrika Kusini, ambako ulipandwa kwa wingi kama pambo, Callistemon viminalis imeingizwa katika orodha ya mimea vamizi inayodhibitiwa kisheria. Kingo za mito ziachiwe mikuyu na mizambarau ya porini, ambayo ni ya hapa na ambayo ndege na wadudu wa hapa wanaijua, na vikundi vinavyopewa miche ya botobrashi kwa ajili ya mto viombe ibadilishwe kabla ya mashimo kuchimbwa.